303 Protectant: pale inapofaa, na pale unapopuliza hela hewani

Jua la Pwani halina mchezo na plastiki. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na Oktoba 11, na miezi mingine haliendi mbali sana. Matokeo yake kila mtu anayaona: bampa jeusi limepauka, raba ya mlango inamegukia vidoleni, turubai la bajaji limechanika kwenye mkunjo, kiti cha plastiki kinaacha unga mweupe kwenye suruali. Wanaouza vipuri wanaulizwa kila siku kama kuna dawa ya kupuliza ya kuzuia hayo. Zipo nyingi. Hapa tunaipima moja yenye jina kubwa kuliko nyingine, 303 Protectant ya kampuni ya Gold Eagle ya Marekani, ambayo wengi bado wanaijua kwa jina lake la zamani, 303 Aerospace Protectant. Jina hilo la anga lisikupandishe presha. Ni dawa ya kupaka mpira na vinili, ile plastiki laini ya viti na maturubai, basi.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kwa vinili, mpira na plastiki isiyopakwa rangi, ikiwa bado ni nzima, inafanya kazi, na kwa kundi hilo hatuoni sababu ya kununua nyingine. Haifufui kilichokwisha kufa. Na karibu nusu ya vitu ambavyo watu huvipulizia ama haviihitaji, ama haviifai.

Ni majimaji mepesi yenye weupe wa maziwa, msingi wake ni maji, hayana mafuta ya petroli, na yakikauka vizuri yanaacha uso usiong'aa sana wala kunata. Hapo ndipo inapoachana na makopo ya kung'arisha dashibodi yaliyojaa madukani. Mengi ya makopo hayo ni silikoni iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya petroli: unapuliza, dashibodi inang'aa kama imemwagiwa mafuta ya kupikia, na kesho yake imevaa vumbi lote la barabara. Silikoni yenyewe haili plastiki, huo ni uzushi wa muda mrefu. Tatizo ni kile kiyeyusho, ambacho kinaweza kulainisha vinili na kuondoka na mafuta yake ya ulaini, na ule utelezi unaoshika vumbi. Halafu mng'ao huo unarudisha mwanga wa jua kwenye kioo cha mbele moja kwa moja machoni mwa dereva. Uso usiong'aa una faida hata kabla hatujagusia miale.

Miale inayoharibu ni ile ya urujuanimno, inayofika ardhini ikiwa na urefu wa nanomita 290 hivi hadi 400. Inakata minyororo mirefu ya molekuli ambayo ndiyo plastiki yenyewe. Pakishakatika, oksijeni inajipenyeza, na mkato mmoja unazaa mwingine. Joto linaongeza mwendo. Lakini kila plastiki ina kifo chake. Polipropilini, ile ya viti vya kupanga na mabampa mengi, ikikosa viungo vya kuikinga huoza juujuu haraka kuliko karibu zote na kutoa unga. Vinili hugeuka manjano kisha kahawia, na kile kilainishi kilichochanganywa ndani ili iwe laini kinatoka taratibu mpaka inabaki ngumu kama ganda. Polikaboneti ya taa za gari huwa manjano. Mpira asilia una adui wa pili, ozoni ya hewani, ambayo huanzisha nyufa ndogo ndogo mahali mpira ulipovutwa au kukunjwa, hata kivulini.

Mtengenezaji mwenyewe anaweza kukinga plastiki kutoka ndani, na kinga hiyo inaishinda dawa yoyote ya chupa. Ya bei rahisi kuliko zote ni masizi. Asilimia 2 hadi 2.5 ya masizi yaliyochanganywa vizuri kwenye polithini hufanya bomba jeusi la maji lidumu juani miaka na miaka. Ndiyo maana tangi jeusi la juu ya paa halihitaji kupuliziwa chochote, na anayekuuzia dawa ya kulipaka anakuuzia maji ya bei mbaya.

Sasa namna ya kuipaka, maana malalamiko mengi juu ya dawa hii, ya mabaka, michirizi na kutoona tofauti, chanzo chake ni upakaji.

Osha kwanza. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya kuoshea gari kwenye lita moja ya maji, brashi laini, na subira kwenye vinyweleo vya plastiki. Kama sehemu hiyo imewahi kupakwa makopo ya silikoni, osha mara mbili au tatu. Kipimo ni rahisi: dondoshea tone la maji. Likijikusanya na kusimama kama shanga, huenda bado kuna silikoni, na dawa mpya itakaa juu ya ile ya zamani, haitagusa plastiki. Likitandaa, uso uko safi. Suuza, kausha kabisa. Aliye karibu na bahari asuuze kwa maji baridi ya bomba hata kama gari linaonekana safi, kwa sababu chumvi iliyobaki inasuguliwa pamoja na kitambaa.

Paka kivulini, kitu kikiwa kimepoa kiasi cha kuweka kiganja bila kukiondoa. Hili la joto ndilo linalovunjwa zaidi. Mtu anatoka ofisini saa nane mchana, anapuliza dashibodi inayowaka, maji yanakauka kabla kitambaa hakijapita, na mabaka meupe yanabaki. Yakikupata, usiyasugue makavu: puliza tena palepale na ufute mara moja kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu.

Ndani ya gari pulizia kwenye kitambaa, usipulizie dashibodi moja kwa moja, ili isiingie kwenye swichi na isitue juu ya plastiki angavu ya mita za mwendo. Nje unaweza kupuliza moja kwa moja. Tandaza sawasawa, kisha kabla haijajikaukia chukua kitambaa cha pili, kikavu, ufute mpaka kidole kikipita kikute pakavu. Huu mfuto wa pili ndio kazi yenyewe. Maelekezo ya kampuni yanataka ufute hadi pakauke, usiache ijikaushe. Anayeacha ijikaushe anapata michirizi na kinga pungufu. Maikrofaiba mbili zinatosha gari zima. Fulana kuukuu ya pamba nayo inafaa, ilimradi isiwe ile iliyofutia oili.

Kiasi: mpulizo mmoja wa chupa za namna hii hutoa karibu mililita 1. Dashibodi inataka mipulizo 8 hadi 10, paneli za milango minne kama 12, raba zote za milango 6 hivi, na plastiki nyeusi za nje za gari la kawaida 10 hadi 15. Jumla mililita 40 hivi. Chupa ya mililita 473 inatoa basi zamu 11 au 12. Kampuni inashauri kurudia kila siku 30 hadi 45, kwa hiyo chupa hiyo ni gari moja kwa mwaka mmoja. Ipo pia ya mililita 946, na galoni ya lita 3.78 ambayo ina maana kwa mwenye bajaji kadhaa au boti, si kwa mtu mwenye gari moja. Kwa vitu vya nje kabisa wakati wa masika, hesabu wiki tatu, si sita. Mvua za mfululizo na kuosha kwa sabuni kali vinaiondoa, na hakuna alama itakayokuambia imeisha, isipokuwa maji kuanza kutandaa pale yalipokuwa yakiteleza.

Tuje kwenye dashibodi, kwa sababu ndiyo sababu ya wengi kununua, na ndipo dawa inaposifiwa kupita kiasi. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, na utando huo unazuia karibu miale yote ya urujuanimno. Maana yake juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, kinachoua zaidi ni joto. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Arizona State na California San Diego walipima magari yaliyoegeshwa juani huko Tempe, Arizona: baada ya saa moja dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi, usukani 53, viti 51. Kwa joto la namna hiyo kilainishi cha vinili kinatoka kama mvuke na kwenda kutua kwenye kioo. Pitisha kidole kwa ndani ya kioo cha mbele cha gari linalolala juani; ule ukungu wa mafuta unaorudi kila baada ya wiki chache, ambao maji matupu hayautoi, sehemu yake kubwa ni dashibodi yako inayohama. Hakuna dawa ya kupuliza inayopunguza joto hilo. Lile pazia la rangi ya fedha la kusimamisha kwenye kioo cha mbele linafanya kazi kubwa zaidi kwa dashibodi kuliko chupa nzima ya 303, na upande wa fedha uangalie nje.

Vioo vya ubavuni ni habari nyingine. Kwa kawaida ni kioo kimoja kigumu, kinachozuia ile miale mifupi lakini kinachoruhusu sehemu kubwa ya ile mirefu. Kwa hiyo juu ya paneli za milango, bega la kiti cha dereva upande wa dirisha, na ile plastiki ya nguzo ya mkanda ndizo sehemu za ndani ambazo dawa hii inastahili kupakwa bila kukosa. Wengi wanaziruka, wanamaliza chupa kwenye dashibodi.

Nje, mteja wake bora ni raba: za milango, za buti, za kingo za vioo. Raba yenye afya inabonyea na kurudi. Ikishaanza kuacha weusi kidoleni, uso wake umeanza kuharibika, lakini bado unaweza kuichelewesha. Osha, paka, futa, na urudie kila mwezi. Faida ya ziada ni kwamba raba iliyopakwa haigandi kwenye bati la mlango gari likikaa siku nyingi juani.

Bampa lililopauka ni mtihani mwingine. Ule ukijivu si uchafu. Tabaka la juu limeliwa, vijiufa visivyoonekana kwa macho vimejaa usoni, na mwanga unatawanyika humo. Ukipuliza 303, vijiufa vinajaa, weusi unarudi, unafurahi. Wiki moja au mbili baadaye ukijivu uko palepale. Hapo dawa haijakudanganya. Kazi yake ni kukinga, umeipa kazi ya kufufua. Bampa la namna hiyo linataka dawa ya kurudisha rangi inayoganda usoni, au rangi ya plastiki kabisa, kisha ndipo kinga ifuate. Ile mbinu ya mitaani ya kupitisha moto au bunduki ya hewa ya moto inarudisha weusi kwa kuyeyusha uso kidogo. Inashika kwa muda, na kila ukirudia plastiki inazidi kuwa kavu. Mara ya tatu usishangae bampa likipasuka kwa kugongwa na guta.

Turubai la bajaji ndipo tunapoipenda dawa hii zaidi. Ni kitambaa cha poliesta kilichofunikwa kwa vinili, na kifo chake huanzia kwenye mikunjo: juu ya bomba la mbele la fremu, na pale pa kukunjia mapazia ya pembeni. Angalia kwa karibu utaona vinili imepasuka kwa mistari membamba sambamba, nyuzi nyeupe za poliesta zinachungulia, na maji ya mvua yanapita humo. Kabla haijafika huko, mililita 40 kwa turubai zima kila mwezi, ukizidisha kwenye mikunjo na kwenye mishono, zinaahirisha mambo vizuri. Yale madirisha angavu ya plastiki laini usiyapulizie hii. Kampuni yenyewe ina bidhaa tofauti ya vinili angavu. Na dereva aache kukunja pazia likiwa na mchanga ndani. Mchanga unakwaruza kinga na vinili pamoja.

Kwa kiti cha bodaboda tunasema hapana, ingawa ni vinili na kinapasuka kila siku kuanzia kwenye matundu ya sindano. Uso uliopakwa unateleza. Abiria wa nyuma akiteleza kwenye breki ya ghafla, hakuna urembo wa kiti utakaofidia. Kivishe kitambaa cha pamba wakati kimeegeshwa, kinatosha. Kwa sababu hiyohiyo isiguse usukani, pedeli, sakafu, wala uso wa tairi unaokanyaga lami. Ubavu wa tairi unaweza, ingawa tairi zina nta na kemikali zake za kupambana na ozoni, zinazotoka zenyewe nje kama rangi ya kahawia. Watu husugua ule ukahawia kwa brashi ya chuma wakidhani ni kutu. Wanaondoa kinga.

Boti za kujaza upepo na kayaki, kama zile za wazamiaji na watalii kwenye fukwe za Zanzibar na Diani, zinafaidika sana, hasa maputo ya PVC, yaani vinili ileile, ambayo kwenye joto huanza kunata yenyewe. Paka ubavuni, si pale watu wanapokaa au kukanyaga. Jambo moja fundi wa viraka alijue: gundi haishiki juu ya 303. Kabla ya kubandika kiraka safisha kwa kiyeyusho kinachofaa gundi yake na upitishe msasa, la sivyo kiraka kitang'oka siku ya pili majini. Kadhalika anayetaka kupiga gari rangi amwambie fundi wa gereji kwamba plastiki na kingo zimewahi kupakwa dawa za namna hii. Mabaki ya silikoni ndiyo yanayoleta vile vishimo vya mviringo kwenye rangi mbichi, macho ya samaki.

Taa za mbele zilizogeuka manjano zimekwisha kupoteza koti gumu la kiwandani, na hapo 303 ni plasta kwenye mfupa uliovunjika. Kazi ni msasa wa maji: namba 800 kama hali ni mbaya, kisha 1500, 2000 na 3000, kila mmoja mpaka mikwaruzo ya uliotangulia iishe, polishi, halafu klia, ile rangi angavu ya juu, yenye hadina ya kuigandisha na kinga ya jua. Dawa ya meno inang'arisha kwa wiki chache kwa kuwa nayo ni msasa mwembamba, lakini haiachi kinga yoyote, kwa hiyo manjano hurudi kwa kasi zaidi. Taa ambayo bado ina koti lake zima haihitaji zaidi ya kuoshwa.

Vitambaa viondoe kwenye orodha kabisa: mahema, miavuli, kamba, mikanda ya mizigo. Dawa hii si ya vitambaa. Kwa hivyo uamuzi unafanyika dukani, wakati wa kununua. Akriliki iliyotiwa rangi kabla haijawa uzi huvumilia jua kuliko vyote, poliesta inafuata, nailoni iko chini, na polipropilini isiyo na kinga ndiyo ya mwisho. Kamba ya manila ya rangi inayotoa vinyuzi vidogo vinavyochoma kiganja imeshapoteza nguvu zake. Kata, usifungie mzigo. Viti vya plastiki vya sherehe navyo hesabu inakataa. Kiti kimoja kinakula mililita 8 hivi kila mwezi, kwa hiyo viti 50 vinamaliza karibu chupa nzima ya mililita 473 kwa zamu moja. Turubai moja la kuvifunika vikiwa vimepangwa ni nafuu mara nyingi.

Ukitaka kujiridhisha badala ya kutuamini, chukua kitu kipya cha bei rahisi, mathalani raba ya mlango au kipande cha vinili kutoka kwa fundi wa viti. Ziba nusu yake kwa utepe wa karatasi, paka nusu ya pili, ondoa utepe, kiweke juu ya paa kikitazama kaskazini au kusini kulingana na msimu, na urudie kupaka nusu ileile kila baada ya siku 30. Usikihukumu kwa rangi peke yake. Baada ya miezi sita kikunje pale nusu mbili zinapokutana, uone upande upi unaanza kupasuka.

Mwisho ni kuhifadhi. Chupa isikae kwenye buti la gari, joto la humo haliifai. Iweke ndani ya nyumba, bomba la kupuliza likiwa limefungwa. Usiiongeze maji ili idumu. Na kwa kuwa kwetu wengi huipata kwa kuagiza au kwa muuzaji wa mkononi, kagua kama muhuri wa kifuniko haujaguswa kabla ya kulipa: majimaji meupe kwenye chupa yenye lebo nzuri yanaweza kuwa chochote.